Mfungwa Akiteswa na Mtu wa Kampuni, Nani Hujibu?

Tuseme jirani yako ana shughuli ya harusi, akaja kukuazima binti anayekusaidia kazi za nyumbani. Wewe ndiye unayemlipa mshahara. Siku ya shughuli binti yuko jikoni kwa jirani, anapokea maagizo ya jirani, na katika pilikapilika za mapishi anammwagia mtoto wa mgeni maji ya moto. Nani alipe hospitali? Ni wewe uliyemwajiri, au ni jirani aliyekuwa akimtuma? Niliwauliza akina mama wenzangu watatu, na kila mmoja alikuwa na jibu lake.

Swali kama hilo lilisumbua mahakama za Marekani kwa miaka 16, ila lenyewe halikuhusu maji ya moto wala harusi. Lilihusu wanaume watatu wa Iraq waliovuliwa nguo na kudhalilishwa gerezani, na kampuni iliyosema kwamba wafanyakazi wake walikuwa wameazimwa tu na jeshi.

Najua baadhi yetu tukisikia neno "vita" hufunga ukurasa tukatafuta mapishi. Naomba usifunge. Gerezani huwa kuna mume wa mtu na baba wa watoto, na hata huyo anayemtesa ana mama yake mahali.

Gereza la Abu Ghraib

Abu Ghraib ni mji ulio magharibi ya Baghdad, na gereza lake lilitisha watu wa Iraq tangu enzi za Saddam Hussein, kwani maelfu walinyongwa humo. Majeshi ya Marekani yalipoivamia Iraq mwezi Machi 2003 na kumwangusha Saddam, yalilichukua gereza hilo hilo na kuanza kulijaza watu upya. Wengi walikamatwa usiku majumbani mwao katika misako. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa liliandika katika ripoti ya Februari 2004 kwamba baadhi ya maofisa wa upelelezi wa majeshi hayo wenyewe walikadiria kuwa kati ya asilimia 70 na 90 ya waliokamatwa nchini Iraq walikamatwa kwa makosa.

Aprili 28, 2004 televisheni ya CBS ya Marekani ilionyesha picha zilizopigwa ndani ya gereza hilo miezi ya mwisho ya mwaka 2003. Wanaume uchi walilundikwa mmoja juu ya mwingine huku askari, mwanamke na mwanamume, wakicheka. Mfungwa mmoja alisimamishwa juu ya boksi, amefunikwa kichwa, na nyaya mikononi. Mengine hayafai kuandikwa katika gazeti ambalo watoto hulichukua mezani wakasoma.

Picha hizo zilitoka kwa sababu ya askari mmoja wa cheo cha chini, Joseph Darby, aliyezipata kwa mwenzake na Januari 2004 akazipeleka kwa wapelelezi wa jeshi. Sote tunajua yanayompata mtu wa namna hiyo. Watu wa kwao walimwita msaliti, mkewe ikabidi ahamishwe na kuwekewa ulinzi, na familia haikuweza kurudi kuishi katika mji wao. Huyo mama hakupiga picha wala hakumtesa mtu. Alikuwa mke wa aliyesema kweli.

Askari 11 walitiwa hatiani katika mahakama za kijeshi. Aliyepata kifungo kirefu kuliko wote alihukumiwa miaka 10, akatoka mwaka 2011. Jenerali mwanamke aliyesimamia kikosi cha magereza, Janis Karpinski, alishushwa cheo kuwa kanali.

Waliokuwamo bila sare

Jambo ambalo picha hazikuonyesha vizuri ni kwamba si wote waliofanya kazi Abu Ghraib walikuwa askari. Jeshi lilikuwa na upungufu wa watu wa kuhoji wafungwa na wa kutafsiri Kiarabu, basi likakodi. Wahojaji walitoka katika kampuni iitwayo CACI, yenye makao yake jimbo la Virginia. Wakalimani walitoka kampuni ya Titan. Watu hawa walikuwa raia wenye mikataba na mishahara ya kampuni.

Jenerali Antonio Taguba, aliyechunguza gereza hilo kwa niaba ya jeshi, aliandika mwaka 2004 kwamba baadhi ya watu hao wa kampuni walihusika katika mateso pamoja na askari. Mkaguzi mkuu wa jeshi naye alikuta kwamba kati ya wahojaji 31 wa kukodiwa, 11 hawakuwa wamepata mafunzo rasmi ya kijeshi ya kuhoji wafungwa. Ni zaidi ya theluthi moja. Dereva wa daladala hudaiwa leseni kabla ya kupewa usukani, lakini hawa walipewa wanadamu.

Je, wangapi kati ya watu wa kampuni walishtakiwa kwa jinai kwa ajili ya Abu Ghraib? Hakuna hata mmoja.

Mianya ya sheria

Ukitaka kujua jinsi mtu anavyoweza kuwa nje ya kila sheria huku amesimama mbele ya macho ya watu, fuatana nami kidogo.

Mahakama za Iraq hazikuweza kumgusa. Utawala wa muda uliowekwa na Marekani ulitoa amri yake namba 17 mwezi Juni 2003, ukairudia Juni 2004, kwamba watu wa kampuni hawatashtakiwa kwa sheria za Iraq kwa yale wanayofanya katika mikataba yao. Kinga hiyo iliondolewa tu mwaka 2009.

Mahakama za kijeshi za Marekani nazo wakati ule hazikumhusu, maana yeye si askari. Mlango huo ulifunguliwa baadaye, kwa sheria ya mwaka 2006.

Ilibaki sheria moja ya mwaka 2000, iliyoruhusu kuwashtaki Marekani raia wanaofanya makosa ng'ambo wakiwa wameajiriwa na Wizara ya Ulinzi au na kampuni zenye mikataba na wizara hiyo. Hapa ndipo ninaposhindwa kujizuia kucheka, ingawa si jambo la kuchekesha. Mkataba wa wahojaji wa CACI haukuwa wa Wizara ya Ulinzi. Ulipitia Wizara ya Mambo ya Ndani, ambayo Marekani si wizara ya polisi kama ilivyo kwetu. Kwao ndiyo inayosimamia ardhi ya taifa na mbuga za wanyama. Tena mkataba wenyewe ulikuwa umeandikwa kwa ajili ya huduma za kompyuta. Wahojaji wa wafungwa wa vita walinunuliwa kwa karatasi za kompyuta, kupitia wizara ya mbuga! Sheria ilirekebishwa Oktoba 2004 ili iwafikie watu wa wizara nyingine pia, lakini sheria ya jinai hairudi nyuma kushika yaliyokwisha kutendeka.

Haikuwa kwamba Marekani haiwezi kabisa kumfunga mtu wa kukodiwa. Mwaka 2006 mahakama ilimtia hatiani David Passaro, aliyekuwa akifanya kazi kwa mkataba na shirika la ujasusi la CIA, kwa kumpiga mfungwa mmoja huko Afghanistan mwaka 2003, na mfungwa huyo akafa. Na walinzi wanne wa kampuni ya Blackwater waliofyatulia watu risasi katika uwanja wa Nisour, Baghdad, Septemba 2007, wakaua raia 17 kwa hesabu ya Wairaki, walitiwa hatiani mwaka 2014. Hao wanne walisamehewa na Rais Desemba 2020, wakaenda nyumbani.

Dada mmoja na mjane mmoja

Kama jinai imeshindikana, inabaki kesi ya madai, yaani kudai fidia. Kwa njia hiyo hakuna anayefungwa, lakini ukweli husemwa mbele ya hakimu na mkosaji hulipa. Mwiraki atadaije katika mahakama ya Marekani?

Iko sheria ya Marekani ya mwaka 1789, fupi sana, inayomruhusu mgeni kudai katika mahakama zao akitendewa ubaya unaovunja sheria ya mataifa. Ililala karibu miaka 200. Aliyeiamsha ni binti wa Paraguay, Dolly Filártiga. Kaka yake Joelito, mwenye miaka 17, aliteswa na polisi mwaka 1976 hadi kufa, na Dolly aliitwa usiku aje auone mwili. Baadaye akiwa Marekani alipata habari kwamba ofisa yule wa polisi anaishi New York. Yeye na baba yao, daktari, wakafungua kesi. Mwaka 1980 mahakama ya rufaa ikasema kwamba mtesaji ni adui wa wanadamu wote na anaweza kushtakiwa popote apatikanapo. Familia ilishinda zaidi ya dola milioni 10, lakini mtu yule alikuwa amekwisha kurudishwa kwao, na fedha hazikupatikana.

Mwanamke wa pili ni Mwafrika mwenzetu. Esther Kiobel wa Nigeria ni mjane wa Dakta Barinem Kiobel, aliyenyongwa Novemba 1995 pamoja na mwandishi Ken Saro-Wiwa na wenzao saba wa kabila la Ogoni. Mama huyu aliishtaki kampuni ya mafuta ya Shell huko Marekani kwa kutumia sheria ile ya 1789, akidai ilishirikiana na serikali iliyomuua mumewe. Kampuni ilikana. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani ilimkatalia, ikasema sheria hiyo kwa kawaida haivuki mipaka ya nchi hiyo.

Uamuzi huo dhidi ya mjane wa Nigeria ulikaribia kuwazika Wairaki wa Abu Ghraib. Mwaka huo huo kesi yao ilitupwa kwa sababu hiyo.

Miaka 16 mahakamani

Wadai watatu waliofika mwisho ni Suhail Al Shimari, aliyekuwa mwalimu mkuu wa shule, Asa'ad Al-Zuba'e, muuza matunda, na Salah Al-Ejaili, mwandishi wa habari wa Al Jazeera. Hakuna kati yao aliyewahi kushtakiwa kwa kosa lolote. Kesi yao dhidi ya CACI ilifunguliwa Juni 2008.

Wenzao wengine waliotangulia kushtaki mwaka 2004 walitupwa nje na mahakama ya rufaa ya Washington mwaka 2009. Majaji wawili kati ya watatu walisema kampuni inayofanya kazi chini ya jeshi vitani haipaswi kudaiwa namna hiyo. Kwa upande wa wakalimani, kampuni iliyorithi mambo ya Titan ilikubali mwaka 2012 kuwalipa watu 71 jumla ya dola milioni 5.28. Ukigawanya ni kama dola 74,000 kwa kila mmoja.

CACI haikukubali kulipa. Iliomba kesi ifutwe tena na tena, kwa hoja hii na ile. Kesi ilitupwa, ikarudishwa, ikatupwa, ikarudishwa. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ilisema kesi hii haifanani na ya Mama Kiobel, kwani hapa kampuni ni ya Marekani, mkataba ulitolewa Marekani, na wahojaji walikuwa watu wa Marekani. Mtoto aliyezaliwa siku kesi ilipofunguliwa alikuwa amekwisha kubalehe siku wadai walipoitwa kutoa ushahidi, Aprili 2024, mjini Alexandria, Virginia.

Al-Ejaili alifika mwenyewe. Wenzake walitoa ushahidi kwa njia ya video kutoka Iraq. Alieleza jinsi alivyovuliwa nguo, akavalishwa nguo za ndani za kike ili aaibike, akafungwa katika hali ya maumivu mpaka akatapika maji meusi. Jenerali Taguba, sasa mstaafu, naye alikuja akaeleza aliyoyakuta.

Lazima tuitendee kampuni haki. Wadai hawakusema kwamba wahojaji wa CACI ndio waliowapiga kwa mikono yao. Walisema wahojaji hao walikula njama na askari, wakawaagiza "wawalainishe" wafungwa kabla ya mahojiano. CACI ilikana, ikasema hakuna mfanyakazi wake aliyeshtakiwa kwa jinai. Halafu ikaleta ile hoja ya mtumishi wa kuazimwa. Hata kama wahojaji walikosea, ilisema, walikuwa chini ya amri ya jeshi, basi jeshi ndilo la kuulizwa. Na jeshi, mama, lina kinga ya serikali. Kwa hoja hiyo, aliyeajiri anamwelekeza mtu kwa aliyeazima, na aliyeazima hashtakiwi.

Raia wa kawaida waliokaa katika baraza la mahakama hawakuafikiana. Mei 2, 2024, baada ya siku nyingi za mashauriano, jaji Leonie Brinkema alilazimika kuvunja shauri. Baadhi ya wanabaraza walikwama hapo hapo kwenye swali la binti wa kuazimwa.

Kesi ilianza upya mwishoni mwa Oktoba na baraza jipya. Novemba 12, 2024 likatoa jibu: CACI iwalipe wanaume hao dola milioni 3 kila mmoja kwa mateso, na milioni 11 kila mmoja kama adhabu, jumla dola milioni 42. Mara ya kwanza kwa raia wa Marekani walioketi katika baraza la mahakama kuisikiliza kampuni kuhusu Abu Ghraib ilikuwa miaka 20 baada ya picha kuonekana. Kampuni ilikata rufaa.

Vijana wetu nao walikwenda

Usidhani mambo ya kampuni za vita ni ya Wazungu peke yao. Maelfu ya vijana wa Uganda, na wengine wa Kenya, walikodiwa kulinda kambi na ofisi za Marekani huko Iraq na Afghanistan. Wengi walikuwa wema, waliotaka karo za watoto na bati za nyumba. Kama mume au mwanao anaitwa kazi kama hiyo, kaa naye chini msome mkataba kabla hajasaini. Mwajiri hasa ni nani? Ni kampuni inayolipa, wakala aliyemwita, au kampuni ya tatu msiyoijua? Ugomvi ukitokea, utaamuliwa kwa sheria ya nchi gani? Akipewa amri ya kumwumiza mtu, atamwambia nani hapana? Tena ujue kwamba iko sheria ya Marekani ya mwaka 1941 inayolazimisha makampuni yenye mikataba ya serikali yake ng'ambo kuwakatia wafanyakazi bima, hata wasio Wamarekani, na mjane ana haki ndani yake. Wajane wengi huko vijijini hawajawahi kuisikia.

Mwaka 2008 nchi 17, zikiwamo Marekani, Iraq, Afrika Kusini na Sierra Leone, zilikubaliana juu ya hati ya Montreux, inayokumbusha wajibu wa serikali zinazokodi kampuni hizi. Ni hati nzuri, lakini haimlazimishi mtu.

Mvuvi wa Zanzibar

Nimemweka mwisho mtu ambaye ni wa kwetu kabisa. Suleiman Abdullah Salim ni Mtanzania, mvuvi na mfanyabiashara mdogo kutoka Zanzibar. Machi 2003 alikamatwa Mogadishu, akapitishwa Kenya na Djibouti, kisha akafikishwa Afghanistan katika gereza la siri la CIA. Humo aliwekwa gizani huku muziki ukipigwa kwa nguvu usiku na mchana, akapigwa, akamwagiwa maji ya baridi. Baadaye alihamishiwa kambi ya Bagram. Aliachiwa Agosti 2008, bila mashtaka, akiwa na karatasi inayosema si mtu wa hatari kwa majeshi ya Marekani.

Mbinu zilizotumika zilibuniwa na wanasaikolojia wawili, James Mitchell na Bruce Jessen. Kampuni yao ililipwa na CIA dola milioni 81. Tena serikali ilikuwa imewaahidi kwamba wakishtakiwa, itawalipia gharama.

Mwaka 2015 Salim aliwashtaki huko Spokane, jimbo la Washington, pamoja na Mlibya mmoja na familia ya Gul Rahman, Mwafghani aliyekufa kwa baridi katika gereza hilo Novemba 2002. Rahman aliacha mjane na mabinti wanne, na mwili wake haukurudishwa kwao wauzike.

Mawakili wa wanasaikolojia walisema wateja wao walikuwa watu wa mkataba tu, wenye maamuzi ni CIA. Wakatoa mfano wa kesi ya mwaka 1946 huko Hamburg, ya kampuni iliyowauzia Wanazi gesi ya sumu iliyoua watu makambini. Fundi wa kampuni hiyo aliachiwa huru, walisema, kwa kuwa hakuwa na sauti. Upande wa Salim ukajibu kwamba mfano ni mzuri, ila wausome wote: mwenye kampuni na msaidizi wake walinyongwa. Jaji Justin Quackenbush, mzee wa miaka 87, alikataa kuifuta kesi, akapanga isikilizwe na baraza Septemba 5, 2017.

Haikusikilizwa. Agosti 17 pande zote mbili zilitangaza kwamba zimepatana. Wanasaikolojia walikubali kwamba walifanya kazi na CIA kuandaa mpango ule, lakini wakasema waliyotendewa watu hao watatu yalifanyika bila wao kujua wala kuridhia. Kiasi cha fedha kiliwekwa siri, na Salim akabaki Zanzibar na mkewe na binti yao.